Rambirambi ya Dada Lina

Zuhura walimleta kutoka Mbeya akiwa tayari ameshakafiniwa, wakamzika mchana ule ule kabla mvua haijashuka, kando ya kaburi la mama yake. Sikumwona uso. Wanawake wa Kiislamu hawaendi makaburini, nami ingawa ni Mkristo sikutaka kujifanya mjuaji, nikabaki ndani na wenzangu juu ya mkeka, tukisikia viatu vya wanaume vikizama na kunasuka kwenye tope hadi sauti ikapotea. Nilikuwa sijasemezana naye kwa miaka mingi. Watu wa Tukuyu wanajua kila kitu, kwa hiyo walijua na hilo, wakanipisha nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Nililia kwa sauti, bila aibu, mpaka mama mmoja niliyekuwa simfahamu akanishika bega akasema, "Basi, mama, inatosha. Utamchosha marehemu." Nilitaka kumwambia kwamba marehemu mwenyewe alinichosha mimi kwanza, tena sana, na kwamba hakuna mtu niliyempenda kama yeye katika ujana wangu wote. Nikapangusa pua kwa upindo wa kitenge.

Mwaka ninaotaka kuusema ni mmoja tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yamenifungia mlango wa chuo, na asubuhi nilifanya kazi kwenye steshenari ya Ipyana, kijana mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua za watu na kuwafungulia mtandao waliolipia, maana enzi hizo simu za kupangusa hapa mjini zilikuwa za kuhesabika. Mchana nilivuka njia kwenda kwa Zuhura. Yeye alinizidi umri kidogo na akili za biashara alinizidi mbali. Alikuwa na chumba cha mbele katika nyumba ya mama yake, Bi Mwajuma, na humo ndani alifuma masweta ya shule. Mtu asiyeijua Tukuyu hawezi kuelewa heshima ya mfuma masweta. Hapa ukungu unaingia hadi uvunguni, na mtoto asiye na sweta anakwenda shule akitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Zuhura alikuwa na mashine ya mkono, ya kusukuma kushoto na kulia kutwa nzima, nami nilikaa upande wa pili wa meza nikiunga mikono kwenye viwiliwili. Chini ya meza tuliweka jiko la mkaa, miguu yetu minne ikiligombania. Bi Mwajuma aliingia na chai ya maziwa yenye tangawizi na sahani ya magimbi, akatuambia tufunge mlango baridi isiingie, halafu yeye mwenyewe akauacha wazi ili asikie tunachosema.

Tatizo letu lilikuwa moja. Shule ya Lufingo, iliyokuwa mteja wake mkubwa, ilianza kuletewa masweta ya kiwandani na wafanyabiashara kutoka nje ya wilaya. Mwalimu mkuu alimpenda Zuhura, lakini alimwambia waziwazi kwamba muhula wa Januari anataka masweta ya wanafunzi wote kwa mpigo, na akishindwa atachukua kwingine. Kwa mashine ya mkono isingewezekana hata angefuma na usingizini. Hapo ndipo likaja wazo la mashine ya umeme, ile unayoipangia kazi ikafuma yenyewe. Madukani Mbeya haikuwepo. Ipyana akasema iko China, na China iko humu, akipiga kofi kichwani mwa kompyuta yake. Zuhura alikuwa na kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, karibu na barabara ya lami, na hicho ndicho kilikuwa mali yake yote duniani. Akakiuza. Bi Mwajuma aliridhia, ingawa nilimsikia jikoni akijisemea, "Ardhi haioti mara mbili." Kwa hiyo mtu asije akasema lilikuwa jambo la mchezo. Mashine ile ikifika, Zuhura anabaki Tukuyu, fundi mwenye chumba chake. Isipofika, hana kiwanja, hana mteja, hana pa kushika.

Ipyana ana sifa zake mbaya, lakini siku ile alitufundisha vizuri na haki yake nitampa. Alikaa juu ya meza, miguu inaning'inia, akatoa hotuba. "Sikilizeni, dada zangu. Humo kwenye soko la mtandaoni kuna wauzaji wa maana na kuna nyoka, na wote picha zao zinacheka. Kwanza, msianze na kitu kikubwa. Agizeni kidogo muone kama kinafika. Pili, mwambieni awapige video ya mashine yenyewe inafanya kazi, na aandike jina la Tukuyu kwenye karatasi ailaze juu yake, tujue si video ya kuokota. Tatu, pesa mnaliachia soko, siyo muuzaji. Soko linakaa nayo mpaka mzigo ufike, muukague, mseme mmeridhika. Akiwaambia tutoke nje tuongee wawili, kimbieni. Hata akiwaita wake zake."

"Na akiniita dada?" Zuhura akamtania.

"Hapo ndiyo ukimbie zaidi," akasema Ipyana, tukacheka sote.

Muuzaji tuliyempata alijiandika Lina. Nasema alijiandika kwa sababu mpaka leo sijui alikuwa nani. Picha ilikuwa ya msichana wa Kichina mwenye nywele fupi, lakini nyuma ya picha ile angeweza kuwa mtu yeyote wa taifa lolote, hata mwanaume mwenye ndevu amekaa mahali anakunywa soda. Tangu wakati ule nimenunua vitu kwa Wachina wengi na wamenitendea haki kuliko baadhi ya ndugu zangu. Huyu wetu tulianza naye kwa kufuata sheria zote za Ipyana. Tuliagiza kwanza pakiti ya sindano za mashine ya mkono, tukalipia ndani ya soko, zikafika posta zikiwa timamu. Tukaomba video. Ilituchukua asubuhi nzima kuifungua, kompyuta inafikiria, wateja wa Ipyana wananuna, mpaka mwishowe ikaonekana mashine ya kijivu inafuma yenyewe, na juu yake karatasi imeandikwa TUKUYU kwa kalamu nene. Zuhura alipiga kigelegele ndani ya steshenari. Alivuka njia anakimbia kwenda kumwita mama yake, na Bi Mwajuma akaja na kanga yake ya jikoni, akaangalia, akasema, "Kumbe wanatujua."

Tangu hapo mazungumzo yakawa ya nyumbani. Zuhura anasema, mimi nachapa kwa Kiingereza, Lina anajibu, mimi natafsiri. Aliuliza Tukuyu ni mahali gani. Zuhura akasema, "Mwambie ni mahali pa baridi na ndizi, mvua haina adabu." Aliuliza Zuhura anaishi na nani. Bi Mwajuma, aliyekuwa ameshazoea kuja kukaa nasi kusikiliza, akaniamuru nimuulize kama ameolewa. Lina akajibu bado, na kwamba mama yake yuko kijijini mbali na hamwoni mara kwa mara. "Maskini wa Mungu," Bi Mwajuma akasema. "Mwambie ale vizuri. Watoto wa mjini hawali." Nikaandika hivyo hivyo. Jibu lilirudi limejaa vicheko na maua, na tangu siku hiyo kila barua ya Lina ilianza kwa kuuliza hali ya mama. Na mama alikuwa na kikohozi, na Zuhura alimweleza kikohozi, na Lina akaeleza tangawizi na asali, kana kwamba sisi wa Tukuyu ndio tungefundishwa tangawizi. Tulimpenda. Nami nilimpenda, sitadanganya.

Bi Mwajuma alifariki ghafla asubuhi moja akiwa anawasha jiko. Moyo, walisema. Sina uwezo wa kuieleza siku ile, ila nakumbuka sufuria ya maziwa ilimwagika na hakuna aliyeyapangusa, tukawa tunayakanyaga tukienda na kurudi. Tukuyu ilijaa pale nyumbani. Waislamu wa mjini walishika mambo ya dini, majirani Wakristo tukashika masufuria, na ndugu wa kijijini Kinyala wakashuka na mikungu ya ndizi kichwani. Huku kwetu kilio ndicho kipimo cha mtu. Unaweza kuwa mkorofi, mlevi, huna salamu, lakini ukifika kwenye kilio cha mwenzako umemaliza. Na usipofika, hata uwe tajiri namna gani, siku yako watakuja wachache. Siku ya tatu Zuhura alinivuta pembeni, macho yamevimba. "Mwandikie Lina. Asije akadhani tumemkimbia."

Nilikwenda nikamwandikia. Akajibu upesi, kwa maneno mazuri na picha ya maua meupe, akauliza kwenu watu hufanya nini mwenzao akifiwa. Niliporudi nikamsomea Zuhura, akasema nimweleze. Nikamweleza rambirambi: kwamba kila mtu hutoa alichonacho, kwamba majina husomwa mbele ya watu, kwamba anayetoa amehesabiwa ndani ya ukoo kwa namna fulani. Sisi wenyewe ndio tuliomwonyesha mlango. Lina akajibu kwamba yuko mbali na hana njia ya kufika, basi gharama ya kusafirisha mashine mpaka bandarini Dar es Salaam ataibeba yeye, iwe mkono wake kwa mama.

Siku ya kumaliza matanga mzee msomaji alisimama kibarazani na kusoma majina. Fulani wa Lufingo, gunia la viazi. Fulani wa sokoni, mchele. Akafika katikati, akasita, akasogeza miwani. "Dada Lina wa China, usafiri wa mashine." Watu wakageukiana. Msomaji akarudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayetangaza ushindi wa mtaa. Bibi Sekela, jirani yetu mzee sana mwenye Kiswahili cha kuazima, aliuliza ni nani huyo, nikamweleza kwa Kinyakyusa. Akatikisa kichwa taratibu. "Ndaga fijo," akasema, akishukuru kuelekea hewani, kuelekea China kwa makisio yake. "Huyo naye ni mtu. Mtu ni yule anayefika kwenye kilio." Zuhura alisikia. Nilimwona uso wake unavyolegea, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aanguke, na nilifurahi kwa ajili yake.

Haikupita muda Lina akaandika kwamba sasa mashine iko tayari, ila kuna kikwazo kidogo. Bei iliyoko sokoni imeshajumuisha usafiri, na soko halimruhusu kuipunguza. Ili ile rambirambi itimie, inabidi Zuhura asilipe kupitia soko, atume benki moja kwa moja, kwa akaunti ya mjomba wa Lina, naye Lina atashughulikia usafiri mwenyewe. Nilisoma nikahisi ubaridi ambao haukuwa wa Tukuyu. Nikamwita Ipyana. Alisoma akiwa amesimama, akasema neno moja tu, "Nyoka," akaenda kuhudumia wateja.

Nilivuka njia. Zuhura alikuwa mezani anafuma, mashine ya mkono inakwenda kushoto na kulia. Nikamweleza yote. Nikamwambia suluhisho ni jepesi: tumshukuru Lina, tumwambie usafiri tutalipa wenyewe, tubaki ndani ya soko. Kama ni mwema hatakataa.

Aliisimamisha mashine. "Nirudishe rambirambi?"

"Siyo kurudisha. Ni kusema tu asante, tutajilipia."

"Tupo," akaniita kwa jina langu la kifupi, kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Umeona wapi mtu anarudisha rambirambi? Umeshasikia mtu anamwambia mwenzake, chukua mchele wako, nimeghairi? Imesomwa kibarazani. Nikiirudisha nimemwambia hakunizikia mama. Nimemwambia yeye ni mtu baki."

"Ni mtu baki, Zuhura."

"Bibi Sekela amesema ni mtu."

Duniani kote watu hutapeliwa kwa tamaa, kwa kutaka rahisi, kwa ujinga. Zuhura hakuwa na tamaa wala hakuwa mjinga; angeweza kuwabana wauza nyuzi wa Mbeya mpaka watoke jasho. Alitapeliwa kwa adabu. Alilelewa kwamba mkono ulionyooshwa kwenye kilio haukataliwi, haukaguliwi, wala hauulizwi risiti, na mtu mmoja mahali fulani aliisikia mila hiyo kutoka kwetu akaona hapo pana faida. Nilimsindikiza benki kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsindikiza. Karani, mama mwenye miwani, aliangalia fomu, akauliza, "Huyu unayemtumia unamfahamu?" Zuhura akajibu, "Alikuwepo kwenye msiba wa mama." Karani akagonga muhuri.

Lina aliandika mara mbili zaidi, akishukuru, akisema mzigo uko njiani. Kisha akanyamaza. Nilifungua ukurasa wake kila asubuhi, mpaka siku moja haukufunguka tena. Palikuwa na maandishi tu kwamba muuzaji huyu hayupo. Ipyana, bila kuombwa na bila kututoza, aliandika malalamiko kwa wenye soko. Walijibu kwa heshima kwamba malipo yamefanyika nje ya soko, kwa hiyo hawana pesa yoyote ya kurudisha. Barua hiyo nilimsomea Zuhura neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Lina atakuwa amepatwa na jambo. Mwandikie. Muulize kama ni mzima. Mwambie kama kuna msiba atuambie, tusije tukakaa kimya kama hatuna utu." Niliandika. Niliandika wiki baada ya wiki kwenye anwani ya barua pepe aliyotupa wakati wa kutuma pesa, na kila nilipoandika moyo wangu ulikatika, si kwa ajili ya kiwanja, bali kwa yale maneno aliyokuwa akiniambia niandike. Dada Lina, tunakuombea. Dada Lina, kama ni mama yako, pole sana.

Januari ilifika. Watoto wa Lufingo walivaa masweta ya kiwandani, na tuliwaona wakipita na rangi isiyotoka kwetu. Ndipo Zuhura akaandaa dua ndogo ya mama yake, akapika pilau, akaniambia nikae karibu na shehe nimtajie majina ya marehemu. Akaanza kunihesabia: baba yake, mama yake, bibi yake. "Na Lina," akasema.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nampenda na nilikuwa nimechoka kumwona anaomboleza mwizi. "Lina hajafa, Zuhura. Lina yupo, anakula kiwanja cha baba yako. Ni tapeli. Ametutapeli."

Aliweka chini mwiko. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mtu aliyenizikia mama humwiti mwizi ndani ya nyumba ya mama," akasema. "Unajua unachosema? Kama yule ni mwizi, basi siku ile mwizi alisomwa kibarazani pamoja na ndugu zangu, na mimi nimekaa namshukuru, na maiti ya mama yangu haijapoa. Huo ndio msiba unaotaka nibaki nao? Amekufa. Mtu wa namna ile hanyamazi mpaka afe." Akanionyesha mlango. Nilitoka nikidhani nitarudi kesho. Lakini kesho yake mlango ulikuwa umefungwa, na mwisho wa mwezi ule aliuza mashine ya mkono akahamia Mbeya, kufuma katika chumba cha mtu mwingine, kwa mshahara wa mtu mwingine. Nilituma salamu kwa watu. Hazikurudi. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli ile ikaninyang'anya rafiki ambaye sikupata wa mfano wake tena.

Baada ya maziko, wanaume walipokuwa wakinawa miguu nje, binti mmoja wa kidato cha pili alinijia na kikombe cha chai. Sikuhitaji kuambiwa ni wa nani. Paji la uso lilikuwa la Bi Mwajuma. Akaniuliza kama mimi ndiye mama mdogo Tupo. Nikasema ndiyo, nikamuuliza jina lake.

"Lina."

Chai ilinimwagikia kwenye vidole. Akanipokea kikombe, akakaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Mama alisema nimepewa jina la rafiki yake wa China aliyefariki. Aliyemzika bibi."

Nikafuta vidole kwenye kitenge.

"Usipate tabu, mama mdogo," akasema. "Mimi najua. Alikuwa tapeli, si ndiyo?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kwenye simu za watu mambo haya tunayaona kila siku, wanaanza na undugu. Siku moja mama ananisimulia ile habari ya usafiri, nikaelewa tu, palepale."

"Ukamwambia?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu kisicho cha utu uzima. "Nimwambie ili iweje? Kila tukimrehemu bibi, alikuwa anamtaja na yeye. Mimi nilikuwa naitikia amina."

Nilimwangalia mtoto yule nikaona uchungu na nikaona wivu, maana alikuwa ameishi na mama yake ndani ya jambo lile miaka yote bila kumvunja, na mimi nilishindwa kwa mchana mmoja. Shehe alirudi ndani, wanawake tukajipanga, dua ikaanza. Akauliza majina ya waliotangulia. Binti akamtaja mama yake, bibi yake, babu yake. Akainamisha macho, kama anayengoja kuona nani atamkataza. Kisha akasema, "Na dada Lina wa China." Baadhi ya wanawake wakatazamana. Shehe akainua mikono, nami nikaitikia amina kabla ya wote.